Ribe: Kituo cha Njiani Kilichogeuka Makao

Wamethodisti wa kwanza kufika Ribe hawakuja kukaa. Macho yao yalikuwa kaskazini, kwa Waoromo, ambao pwani yote enzi hizo iliwaita Wagalla. Mmisionari Ludwig Krapf aliamini kwamba watu hao wakiipokea Injili, njia ya kuingia bara itakuwa imefunguka. Imani hiyo hakuiacha hata baada ya maradhi kumwondoa kwenye kituo chake cha misheni cha Rabai mwaka 1853. Kitabu chake cha safari, kilichochapishwa London mwaka 1860, kilimfikia Charles Cheetham wa Heywood, kaskazini mwa Uingereza, aliyekuwa mweka hazina wa misheni za United Methodist Free Churches. Cheetham akamwita mzee huyo, na mwanzoni mwa 1862 Krapf alikuwa amerudi Mombasa, safari hii akiongozana na vijana wanne: Thomas Wakefield na James Woolner kutoka Uingereza, pamoja na Waswisi wawili.

Ribe ilikuwa kwenye vilima vya nyuma ya Mombasa, karibu na Rabai, ambako Johannes Rebmann alikuwa bado anaendelea na kazi ya misheni ya Kianglikana. Waliichagua iwe mahali pa kupumua na kujipanga kabla ya safari ya kaskazini. Kabla mwaka haujaisha, Woolner na Waswisi wote wawili walikuwa wamekwenda zao, na Krapf mwenyewe alirudi Ulaya akiwa mgonjwa. Wakefield alibaki peke yake hadi Charles New alipowasili mwaka 1863.

Inafaa kujua Wamethodisti hawa walikuwa watu wa aina gani. Kanisa lao liliundwa mwaka 1857 na makundi yaliyokuwa yamejitenga na Wamethodisti wa Wesley, kwa sababu hayakukubali mamlaka yote yawe mikononi mwa wachungaji na mkutano wao mkuu. Waumini wa kawaida walitaka kuwa na sauti katika mambo ya kanisa. Lilikuwa kanisa dogo lisilo na utajiri, na vituo vyake vya pwani havikupata kamwe fedha wala watu wa kutosha. Kwa maoni yangu, upungufu huo ndio ulioiweka Ribe mikononi mwa wenyeji mapema. Hata leo, Methodisti ya vijijini inajengwa juu ya msingi huo: mchungaji mmoja huhudumia makanisa kadhaa, na Jumapili asiyokuwepo, ibada huongozwa na wahubiri wasiolipwa, ambao siku nyingine ni wakulima, walimu au wachuuzi.

Wakefield alikuwa msikilizaji. Mwaka 1870 jarida la Royal Geographical Society la London lilichapisha maelezo yake kuhusu njia za misafara kutoka pwani kupitia Umasaini hadi Ziwa Victoria. Sehemu kubwa ya habari hizo ilitoka kwa Sadi bin Ahedi, mtu wa karibu na Gazi, katika nchi ya Wadigo, ambaye jina lake limetajwa kwenye kichwa cha makala yenyewe. Wanajiografia wa Ulaya waliwekewa mbele yao ujuzi wa mtu wa misafara wa pwani, kituo kwa kituo, kuhusu nchi ambazo wengi wao hawakuwa wamezikanyaga. Historia ya kanisa hili haijampa Sadi nafasi anayostahili.

Makaburi ya wamisionari yaliyopo Ribe yanajulikana zaidi. Rebecca, mke wa Wakefield, aliyekuja Afrika Mashariki mwaka 1870, alifariki hapo mwaka 1873 baada ya kujifungua. New, ambaye mwaka 1871 alipanda Kilimanjaro hadi kwenye theluji, aliirudia nchi ya Wachaga. Mtawala wa Moshi, Rindi, aliyejulikana pia kama Mandara, akamnyang'anya mali zake. New alifariki Februari 1875 akiwa njiani kurudi pwani.

Lakini waliolijaza kanisa la Ribe hawakutoka ng'ambo. Kuanzia miaka ya 1860 mashamba ya nafaka ya Malindi na Takaungu yalipanuka upesi, na kazi yote ilifanywa na watumwa. Waliofanikiwa kutoroka waliitwa watoro. Baadhi walijenga vijiji vyao wenyewe msituni, wengine wakakimbilia misheni. Wengi walizaliwa mbali sana na pwani na hawakuwa na ukoo wala kaya ya kurudia. Misheni iliwapa ardhi ya kulima, jina jipya na jamaa wa kushiriki nao ibada. Njaa kubwa ya miaka ya 1880 ilileta wengine. Watu hao waliishi miaka mingi wakijua kwamba mwenye shamba angeweza kuja kuwadai, na wenye mashamba hawakuacha kuzitishia misheni. Ndipo George Mackenzie wa kampuni ya Imperial British East Africa alipokubali kuwalipa mabwana fidia kwa ajili ya watoro takriban 1,400 waliokuwa katika misheni za Waanglikana na za Wamethodisti. Hati za uhuru zilitolewa Rabai tarehe 1 Januari 1889. Huo ndio mwaka ninaouona kuwa mkubwa zaidi katika historia ya Ribe, kuliko hata 1862, kwa sababu kuanzia hapo watu hawa walikuwa waumini wasioweza kurudishwa utumwani.

Ndoto ya kaskazini haikufa. Wakefield alifungua kituo Golbanti, kwenye mto Tana, na Mei 1886 Wamasai waliokuja kuvamia walimuua hapo mchungaji John Houghton pamoja na mke wake. Mwaka uliofuata Wakefield aliondoka Afrika moja kwa moja. Katika miaka hiyo hiyo kazi ilibebwa pia na W. H. During, mchungaji Mwafrika kutoka Sierra Leone.

Kanisa lilipokuja kuenea kwa nguvu, lilienea Meru. Wamethodisti waliingia huko kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na kuweka makao yao Kaaga. Leo Meru ndiyo ngome ya Methodisti nchini Kenya. Mwaka 1967 Kanisa la Methodisti la Kenya lilianza kujitawala, na Ribe ikabaki kanisa la kijijini, jina lake likijulikana nchini zaidi kwa shule zake mbili za sekondari, ya wavulana na ya wasichana.

Si mbali na kanisa kuna Kaya Ribe, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Msitu huo una wazee wanaoutunza, na una wataalamu wa Makumbusho ya Taifa. Historia ya misheni haina ulinzi wa namna hiyo. Barua na taarifa za Wamethodisti waliotumwa pwani ni sehemu ya hifadhi kubwa ya misheni zao iliyowekwa katika chuo cha SOAS, London, kwa hiyo kijana wa Ribe anayetaka kusoma habari za mababu zake hulazimika kuzitafuta ng'ambo. Nakala za karatasi hizo ziletwe Ribe na kuwekwa kwenye maktaba za shule hizo mbili. Na kazi ya kuwarekodi wazee wanaotokana na koo za watoro ianze sasa, kwa maana barua hizo ziliandikwa na wamisionari waliowapokea watoro, si na watoro wenyewe.