Darasa la Piano Mbili: Jinsi Uongozaji wa Okestra Ulivyofundishwa Leningrad

Uongozaji wa okestra ni kazi ya mtu mmoja anayesimama mbele ya wapigaji 70 au 100, yeye mwenyewe asitoe sauti yoyote, na kwa mikono, macho na pumzi yake akawafanya waanze pamoja, waende mwendo mmoja na wauelewe muziki kwa namna moja. Waingereza humwita mtu huyo kwa neno lile lile lililoingia katika Kiswahili kupitia mabasi, yaani kondakta, na kwa hiyo katika makala hii ataitwa mwongozaji, ilhali yule aliyebobea hata akawa wa kutegemewa na wenzake ataitwa maestro, neno la Kiitaliano lenye maana ya mwalimu au bingwa wa fani. Msomaji aliyewahi kumtazama mwalimu wa kwaya akiinua mikono mbele ya waimbaji wake anaijua tayari sehemu ya kazi hii. Tofauti iliyopo ni kwamba mwalimu wa kwaya mara nyingi amewafundisha waimbaji wake kila sauti kwa mdomo wake mwenyewe, ilhali mwongozaji huwakuta mbele yake mafundi ambao kila mmoja wao anaijua ala yake kuliko yeye.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kuifundisha kazi yenyewe. Mwanagenzi wa useremala hupewa ubao na randa akaharibu mbao kadhaa hadi mkono ukazoea, na mwanafunzi wa fidla huichukua fidla yake nyumbani akarudia kosa lake usiku kucha bila kumsumbua mtu zaidi ya jirani, lakini ala ya mwongozaji ni watu, na watu hao wana mishahara, ratiba na subira yenye kikomo, wala hakuna anayeweza kuwafungia chumbani ili ajizoeze kwao. Historia ya kujifunza uongozaji, kwa kiasi kikubwa, ni historia ya kutafuta kitu cha kushika nafasi ya okestra ambayo mwanafunzi hana.

Kwa muda mrefu swali hilo halikuulizwa, kwa kuwa kazi yenyewe haikuwa imejitenga na kazi nyingine. Katika karne ya 17 na ya 18 aliyewaongoza wenzake alikuwa mtunzi aliyeketi kwenye kinanda, au mpigaji fidla wa kwanza aliyetikisa upinde wake pale mwendo ulipolegea. Ni pale okestra zilipokua, na muziki wa Beethoven na waliomfuata ulipoanza kubadili kasi na nguvu ndani ya kipande kimoja, ndipo alipohitajika mtu asiyepiga chochote. Kufikia mwaka 1835, Felix Mendelssohn alipokabidhiwa okestra ya Gewandhaus mjini Leipzig, mwongozaji mwenye fimbo ndogo mkononi alikuwa ameanza kuwa jambo la kawaida, na mwaka 1869 Richard Wagner alichapisha kijitabu kizima kuhusu uongozaji, akidai kwamba jukumu la kwanza la mwongozaji ni kuupata mwendo sahihi wa muziki, na kwamba mwendo huo hupatikana kwa kuusikiliza wimbo uliomo ndani yake.

Kitabu peke yake, hata hivyo, hakikumfanya mtu kuwa mwongozaji, na vijana wa zama hizo walijifunza kwa jicho. Arthur Nikisch, ambaye baadaye aliiongoza Gewandhaus kuanzia mwaka 1895 hadi alipofariki mwaka 1922, alikuwa kwanza mpigaji fidla katika okestra ya opera ya Vienna, akiwatazama waongozaji kutoka kitini pake. Arturo Toscanini alikuwa mpigaji sello mwenye umri wa miaka 19 katika kampuni ya opera iliyokuwa ziarani Rio de Janeiro mwaka 1886, pale alipopandishwa jukwaani kuokoa onyesho la Aida, akaliongoza lote bila kutazama noti. Richard Strauss, akiwa na miaka 21, alichukuliwa mwaka 1885 na Hans von Bülow kuwa msaidizi wake katika mji mdogo wa Meiningen, ambako kwa miezi michache alihudhuria mazoezi ya maestro huyo akiwa na patitura mkononi, yaani kitabu kinachobeba noti za ala zote, mstari juu ya mstari. Njia hiyo ya kujibanza karibu na bingwa haikufa hata vyuo vilipoanzishwa: Mwingereza Adrian Boult alikwenda Leipzig mwaka 1912 ili amtazame Nikisch akifanya mazoezi, na katika miaka ya 1950 Claudio Abbado na Zubin Mehta, waliokuwa wakisoma Vienna kwa Hans Swarowsky, walijiunga na kwaya kubwa ya mji huo, katika safu ya sauti nzito, kwa kuwa waimbaji waliruhusiwa kuwepo kwenye mazoezi ambamo wanafunzi wangezuiliwa mlangoni.

Jicho lina mipaka yake. Anayetazama huona mkono wa bingwa lakini haoni kwa nini ulikwenda vile, na akiuiga huishia kuwa na ishara zilizomfaa mtu mwenye mwili mwingine na tabia nyingine. Nikisch alisifika kwa ishara ndogo mno, na mtu akiuiga udogo huo bila kuwa na kile kilichoujaza ataishia kuwa na mkono mdogo tu. Ilihitajika hatua nyingine, ya maestro kushuka jukwaani, kuketi, na kuutazama mkono wa mwanafunzi, na mahali ambapo hatua hiyo ilichukuliwa kwa uzito usio wa kawaida ni Saint Petersburg, mji ulioitwa Petrograd kuanzia mwaka 1914 na Leningrad kuanzia mwaka 1924 hadi mwaka 1991.

Konsavatori ya mji huo, chuo cha muziki kilichofunguliwa mwaka 1862 na mpigaji piano Anton Rubinstein, ilipata darasa la uongozaji mwanzoni mwa karne ya 20 chini ya mtunzi Nikolai Tcherepnin, ambaye miongoni mwa wanafunzi wake walikuwemo Sergei Prokofiev, Alexander Gauk na Nikolai Malko. Malko alikwenda pia Munich kujifunza kwa Felix Mottl, na aliporudi kufundisha Leningrad katikati ya miaka ya 1920 alianza kuigawa kazi ya mikono katika mazoezi yanayoweza kuelezwa na kurudiwa, jambo ambalo wengi wa rika lake waliliona haliwezekani, kwa imani kwamba mwongozaji huzaliwa na hafundishwi. Huyu ndiye Malko aliyeongoza onyesho la kwanza la Simfonia ya Kwanza ya Dmitri Shostakovich, tarehe 12 Mei 1926, mtunzi akiwa na umri wa miaka 19. Mwaka 1929 aliihama nchi, lakini alikuwa ameshaacha nyuma vijana wawili ambao majina yao yatatajwa pamoja daima: Yevgeny Mravinsky na Ilya Musin.

Mravinsky alipewa okestra ya Filamonia ya Leningrad mwaka 1938 akakaa nayo kwa nusu karne, hadi kifo chake mwaka 1988. Musin, aliyezaliwa Kostroma mwezi Januari 1904 na kuingia konsavatori akiwa mwanafunzi wa piano, hakupata bahati hiyo. Aliongoza okestra ya taifa ya Belarusi mjini Minsk kuanzia mwaka 1937 hadi vita vilipofika, akahamishiwa Tashkent pamoja na konsavatori, na huko mwezi Juni 1942 akaongoza Simfonia ya Saba ya Shostakovich, ile iliyotungwa kwa ajili ya Leningrad iliyozingirwa, miezi michache tu baada ya kusikika kwa mara ya kwanza. Aliporudi nyumbani baada ya vita, hakuna okestra kubwa iliyokabidhiwa kwake. Alikuwa ameanza kufundisha tangu mwaka 1932, na kilichokuwa pembeni ya maisha yake kikawa maisha yenyewe.

Darasa lake halikuwa na okestra. Lilikuwa na piano mbili, na wapigaji wake walipiga muziki wa okestra nzima uliokuwa umekusanywa na kupunguzwa hadi ukatosha kwenye vidole vyao, huku mwanafunzi akisimama mbele yao na patitura yake, naye Musin akiketi akitazama. Wanafunzi wengine walikaa kando ya ukuta, kwa kuwa somo la mmoja lilikuwa somo la wote, na aliyekuwa na macho mazuri aliondoka na masomo mengi kila wiki ingawa alisimama mbele ya piano mara chache tu. Filamu zilizopigwa darasani humo katika miaka ya uzee wake zinamwonyesha akimsimamisha mwanafunzi, akiinuka kitini, akiongoza vipimo vichache kwa mikono yake mwenyewe, na piano zile zile, zenye wapigaji wale wale, zikitoa sauti nyingine.

Alichokuwa akikionyesha zaidi ya kitu kingine chochote ni auftakti, neno la Kijerumani ambalo Warusi wamelipokea, lenye maana ya mwendo wa mkono unaotangulia sauti. Wapigaji hawawezi kutii ishara inayofika pamoja na sauti, kwa sababu wakati huo imeshachelewa. Wanachokitii ni kile kilichotokea nukta moja kabla, mkono ulipoinuka na mwongozaji akavuta pumzi, na ndani ya mwinuko huo lazima viwemo vyote: ni lini sauti ianze, iende kwa kasi gani, iwe kubwa au ndogo, iwe kali kama inayokatwa au laini kama inayomiminwa. Mfano unaotesa wanafunzi mpaka leo ni mwanzo wa Simfonia ya Tano ya Beethoven. Wasikilizaji huamini kwamba inaanza kwa zile noti tatu fupi na moja ndefu, lakini kwenye patitura inaanza kwa kimya, kimya kifupi chenye urefu wa noti moja fupi, ndipo ala za nyuzi na klarineti zinaingia kwa pamoja. Mwongozaji hupiga pigo lake juu ya kimya hicho, na kwa pigo hilo moja, lisilo na sauti yoyote chini yake, watu kadhaa lazima wajue kasi ya noti tatu ambazo bado hazijasikika. Akisitasita, wataingia kama punje zinazomwagika sakafuni, na akizidisha nguvu ataupata mshtuko lakini mwendo utakuwa umepotea.

Fundisho la Musin, alilolieleza katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu ufundi wa uongozaji, lilikuwa kwamba mkono una kazi mbili zinazopingana, yaani kuonyesha wakati kwa usahihi na kuonyesha maana ya muziki, na kwamba kila moja, ikiachwa peke yake, huila nyenzake. Anayehesabu tu huwapa wapigaji saa ya ukutani, na anayejieleza tu huwapa ukungu. Alitaka mwanafunzi aifanye mikono yake iuonyeshe muziki kiasi kwamba mpigaji angeuona kabla ya kuusikia, na aliamini kwamba hilo linaweza kufunzwa hatua kwa hatua, kama lugha. Hapa ndipo alipoachana na waliodhani kwamba kipaji kinajitosheleza, na matokeo ya darasa lake yanampa haki.

Njia hiyo ilikuwa na kasoro, na si haki kuificha. Piano hujibu papo hapo, haina zumari inayohitaji muda wa kupumua wala besi ambazo sauti yake huchelewa kufika, na mpigaji piano mwerevu anaweza kumfichia mwanafunzi makosa kwa kubahatisha anachokitaka. Nchini Ufini, Jorma Panula, aliyekuwa profesa wa uongozaji katika Akademia ya Sibelius mjini Helsinki kuanzia mwaka 1973, alikwenda njia nyingine kabisa: aliwasimamisha wanafunzi mbele ya okestra halisi, hata kama ni ndogo, akawarekodi kwa video, kisha akawakalisha wajitazame wenyewe huku yeye akisema machache sana. Esa-Pekka Salonen, Jukka-Pekka Saraste na Sakari Oramo walipitia mikononi mwake, na nchi yenye watu wachache ikawa inapeleka waongozaji duniani kote. Panula alimwachia mwanafunzi agundue, Musin alimfafanulia, na bado wote wawili walifanana katika jambo moja zito: walikubali kwamba saa zao bora zitumike kuutazama mkono wa mtu mwingine.

Kutoka kwenye piano zile mbili walitoka Rudolf Barshai, Yuri Temirkanov, Vasily Sinaisky, Semyon Bychkov na Valery Gergiev, na katika miaka ya 1980 wageni nao wakaanza kufika. Sian Edwards alitoka Uingereza, akashinda shindano la waongozaji la Leeds mwaka 1984, na mwaka 1988 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza katika nyumba ya opera ya Covent Garden, London. Baada yake alikuja Mwingereza mwenzake Martyn Brabbins, kisha Mgiriki Teodor Currentzis, na katika kundi la mwisho kijana wa Ossetia, Tugan Sokhiev. Mwalimu wao, ambaye kwa miongo mingi hakufahamika nje ya nchi yake, alialikwa kufundisha Siena, Italia, na London akiwa amepita miaka 85.

Musin alifariki mwezi Juni 1999 akiwa na umri wa miaka 95, akiwa bado anafundisha. Siku hiyo Filamonia ya mji wake ilikuwa chini ya Temirkanov na jumba la opera la Mariinsky, lililo jirani na konsavatori, lilikuwa chini ya Gergiev, wote wawili wanafunzi wake, na katika taasisi hizo mbili yeye hakuwahi kuwa kiongozi mkuu hata siku moja.