Usiku wa dunguni: simba wa kuvaa na simba wa kweli

Poleni na testi, maana najua wengi wenu mnakesha na desa. Mimi leo langu nimeliweka pembeni kidogo. Nina jambo la kuwasimulia, na kwa kuwa nasoma historia mtanivumilia likirefuka.

Binamu yangu yuko masomoni Marekani. Wiki iliyopita kanitumia picha kavaa manyoya mwili mzima, kichwa cha simba, na mkia huo! Nikadhani kachanganyikiwa, kumbe kapata kibarua. Kule tarehe 31 Oktoba wana sikukuu ya Halloween, watu wanavaa vinyago na mavazi ya kutisha, watoto wanapita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi. Sasa kuna bustani ya wanyama inayochukua watoto walale kambini usiku kucha, na kazi ya binamu ni kuvaa usimba na kuwatisha kidogo kabla ya kulala, huku simba wenyewe wananguruma nyuma ya vyuma. Analipwa kwa saa. Nilicheka mpaka wenzangu wa chumbani wakauliza kulikoni.

Kwetu ni Kibiti, ila upande wa mama ni Mkongo, Rufiji. Jumapili nilimpigia bibi simu nikamsimulia, nikijua atacheka. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, kulala na wanyama tumelala sana sisi. Ila hakuna aliyetulipa."

Hapo ndipo kicheko kikaniishia.

Kwa msioijua Rufiji: bonde letu linafurika, maji yakipungua yanaacha udongo mzuri ajabu. Watu wanalima mpunga, na mahindi ya mlau maji yakishapwa. Huko chini mpaka delta, palipo na mikoko, unalima ukiwa na majirani wasiokaribishwa: viboko, nyani, ndege, na mbaya wao wote, nguruwe pori. Kundi la nguruwe likiingia usiku mmoja, asubuhi huna shamba. Kwa hiyo lazima kuamia. Mchana unasimamisha sanamu ya miti, unaivalisha shati kuukuu itishe ndege. Usiku shati halimtishi nguruwe, inabidi ulale mwenyewe. Unajenga dungu, yaani kibanda juu ya nguzo, unapanda na debe la kupiga, moto unakoka chini. Wanaolala humo ni baba, mama, na mara nyingi watoto.

Sasa, kati ya Agosti 2002 na Aprili 2004, upande wetu wa Mkongo alitokea simba akaua watu wasiopungua 35. Watu wakambandika jina la Osama, mnakumbuka dunia ilikuwa inaongea nini miaka ile. Mama alikuwa na mimba yangu. Bibi anasema mavuno yalipofika walijadiliana wiki nzima: walale nyumbani salama wakose chakula, au wakalale shambani? Wakaenda shambani. Wadau, mimi nimelala dunguni kabla sijazaliwa.

Lakini kilichonifanya niandike leo ni jambo la nguo. Bibi anasema mwanzoni wengi hawakuamini kwamba yule ni simba. "Simba gani anachagua nyumba?" Wakasema ni mtu, kavaa ngozi, au ni simba wa kutumwa. Ukishasema ni mtu, swali linalofuata ni nani. Kijijini kulikuwa na mama mmoja mzee, mjane, anaishi peke yake. Macho yakamgeukia. Hakuna aliyempiga, ila watu waliacha kumsalimia, wakaacha kuchota naye maji. Siku moja akafunga mizigo yake akahama, na bibi anakiri hata yeye hakumsindikiza.

Hofu hii haikuanza Rufiji. Miaka ya 1940 kule Singida, enzi za Mwingereza, yalitokea mauaji yaliyoitwa ya simba watu. Ilisemwa kuna watu wanavalishwa ngozi za simba na kutumwa kuua, serikali ikakamata watu na kuwafikisha mahakamani. Wasomi wamebishana baadaye kuhusu nini hasa kilitokea, na mwaka 1962 mwanaanthropolojia Harold Schneider aliandika makala nzima kuitazama upya habari hiyo. Kwa hiyo Mmarekani anavaa usimba kwa furaha, na huku kwetu mtu anaweza kuvalishwa usimba na majirani zake bila kushona hata uzi mmoja.

Basi tuulize kihistoria: kwa nini watu wa Rufiji walikuwa nje usiku, peke yao, na simba? Jibu linaanza mbali.

Zamani jamii za pwani zilipambana na nguruwe kwa kuwinda, wanaume wengi kwa pamoja na nyavu. Akaja Mjerumani. Mwaka 1896 Gavana Wissmann alitoa sheria ya uwindaji na kutenga mapori ya akiba, mojawapo upande wa Rufiji. Kuanzia 1902 yakaja mashamba ya pamba ya lazima, wanaume wakaenda kulima pamba ya serikali. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri aliandika mwaka 1997 kuhusu jirani zetu wa Uzaramo, akaonyesha jinsi wanaume walivyotolewa na uwindaji ulivyobanwa, nguruwe wakazidi, njaa ikaingia, na mzigo wa kulinda mashamba ukawaangukia wanawake. Shuleni tulikariri kwamba Maji Maji ya 1905 ilisababishwa na kodi na pamba. Mbona nguruwe hatukumsikia?

Na ile Maji Maji chimbuko lake ni huku huku kwetu. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, masimulizi yanasema mwaka 1904 alichukuliwa na pepo mwenye umbo la nyoka, akazama kidimbwini, kesho yake akatoka nguo zake kavu. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905.

Waingereza wakalikuta pori, mwaka 1922 wakalipa jina la Selous, mwindaji aliyeuawa vitani Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Likaendelea kupanuliwa. Kisha sisi wenyewe, baada ya mafuriko ya 1968, tukaja na Operesheni Rufiji: watu wakatolewa bondeni wakawekwa vijiji vya ujamaa juu, pasipofika maji. Nia ilikuwa njema, shule na zahanati zikasogea. Ila mashamba yalibaki bondeni. Mtu aliyekuwa anaishi shambani kwake, na majirani karibu, sasa nyumba iko huku na shamba kule. Dungu ambalo lilikuwa makazi likawa kituo cha mlinzi.

Mwaka 2005 watafiti walichapisha hesabu yao: tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wasiopungua 308, wengi kusini mashariki, na hasa wakati wa mavuno. Walieleza hivi: pale mawindo ya kawaida yanapopungua, simba anamfuata nguruwe, nguruwe anafuata mahindi, na kwenye mahindi kuna mtu amelala. Ndiyo hivyo tu.

Na yule wa Mkongo? Askari wa wanyamapori walimpiga risasi Aprili 2004. Walipomchunguza walimkuta simba dume kijana, wa miaka kama mitatu na nusu, ana jino la nyuma lililopasuka na jipu kubwa chini yake. Hakuna mtu aliyekutwa ndani ya ngozi.

Nilimwuliza bibi, habari hiyo ilipofika kijijini, kuna aliyemfuata yule mama mzee kumwomba radhi? Akasema, "Tulisikia amekwenda kwa mwanawe, Kibiti." Basi, akaishia hapo, akaniuliza kama nakula vizuri chuoni.

Simlaumu bibi. Hofu ya usiku ule mimi siijui. Ila nadhani ndiyo kazi ya somo letu hili ambalo wenzetu wa uhandisi wanalicheka kila siku: kumvua simba nguo tulizomvalisha, ili tuone nguruwe, pamba, pori na kijiji vilivyosimama nyuma yake. Tukishindwa hilo tutaendelea kumfukuza mjane na kuacha shamba bila uzio.

Binamu nimemjibu, nikamwambia avae tu ale hela yao, kazi ni kazi. Ila likizo akija nampeleka Mkongo, tukalale dunguni usiku mmoja, bila kichwa cha manyoya. Tuone nani atamtisha nani.

Haya wadau, narudi kwenye desa. Mkiongea na bibi zenu wikendi hii, waulizeni walilala wapi wakati wa mavuno. Siku njema!