Kengele ya hewa kwenye maabara za dawa za mionzi: inajuaje hatari ni ipi?

Haya wadau, leo tuingie darasani kidogo. Kuna dawa za kansa zinazotengenezwa kwa vitu vinavyotoa mionzi ya alfa. Mfano ni radiamu-223, ambayo Marekani iliiruhusu mwaka 2013 kwa kansa ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa. Nyingine ni aktiniamu-225, ambayo bado iko kwenye majaribio. Swali langu: anayezitengeneza analindwaje na hewa anayovuta?

Kwa mliokimbia fizikia: alfa haifiki mbali. Hewani inakwenda sentimita chache tu, karatasi inaizuia, hata ngozi inaizuia. Balaa ni ikiingia ndani. Vumbi lake likikaa kwenye mapafu, nguvu yote inaishia kwenye seli za hapo hapo. Mnamkumbuka yule Mrusi, Litvinenko, aliyefia London mwaka 2006? Poloniamu-210 iliyomuua ni ya alfa, na aliimeza.

Ndiyo maana kazi inafanyika ndani ya makabati yaliyofungwa, unaingiza mikono kupitia glavu. Nje kuna mashine inayopima hewa muda wote. Pampu inavuta hewa, kichujio kinanasa vumbi, na kipimo cha silikoni kinahesabu kila alfa na kupima nguvu yake. Lazima kikae karibu kabisa na kichujio, maana kikiwa mbali alfa haifiki.

Sasa ngoma iko hapa. Hewa ya kawaida ina radoni, gesi inayotoka ardhini. Watoto wake nao wanatoa alfa na wananasa kwenye kichujio hicho hicho. Nguvu hupimwa kwa MeV: aktiniamu-225 ina kama 5.8, mtoto wa radoni aitwaye poloniamu-218 ana 6.0. Alfa yake ikipita kwenye vumbi inapungua kidogo, basi mashine inaona pacha!

Njia za kuwatofautisha ni hizi:

1. Kuangalia juu zaidi. Watoto wa radoni-222 hawavuki 7.7, lakini poloniamu-213, mzao wa aktiniamu, inafika 8.4.

2. Kusubiri. Watoto wa radoni waliobaki kwenye kichujio wanaisha ndani ya saa chache. Aktiniamu hata baada ya siku 10 nusu yake bado ipo.

Ila kusubiri ni kwa kichujio, siyo kwa mtu. Ukiiweka kengele iwe nyepesi, inalia kwa radoni kila mara, watu wanaizoea, siku ya kweli hakuna anayestuka. Ukiiweka nzito, inalia mtu ameshavuta. Mimi nasema ikilia toka kwanza, mahesabu baadaye. Kutoka bure mara kumi ni usumbufu tu, lakini kilichoingia kwenye mapafu hukitoi kwa kuoga.

Wadau wa hospitali na wa fizikia, mnasemaje? Nawasilisha.