Kunyonyoka na Kujinyonyoa: Habari za Kasuku Katika Nyanda za Juu za Kusini

Katika Kiswahili yako maneno mawili yaliyo ndugu, ambayo mwenye kufuga kasuku hana budi kuyatenga. Kunyonyoa ni kung'oa manyoya, kama mpishi amfanyavyo kuku aliyechinjwa. Kunyonyoka ni manyoya kutoka yenyewe, pasipo mkono wa mtu. Herufi chache tu zatofautisha maneno hayo, lakini katika tundu la ndege tofauti yake ni ya afya na maradhi. Tena watu husema kwamba manyoya yapukutika, kama majani ya mti. Na neno hilo lafaa, maana mti unaopukutisha haufi, bali wangoja kuchipua.

Twaandika haya kwa sababu sisi wenyewe tulikosea. Katika nyumba moja ya Mbeya, mwezi wa Julai, tulionyeshwa kasuku wa kijivu ambaye kifua chake kilikuwa kitupu. Tukamwambia mwenyeji wetu, "Ananyonyoka tu, yataota mengine." Miezi mitatu ikapita, na kifua kikazidi kuwa kitupu. Ndipo tulipotambua jambo lililokuwa mbele ya macho yetu tangu siku ya kwanza: kichwa chake kilikuwa na manyoya yote. Mdomo wa ndege hufika kifuani, mgongoni na mabawani, lakini haufiki kichwani pake mwenyewe. Ndege yule hakuwa akinyonyoka, alikuwa akijinyonyoa.

Ili kufahamu sababu, yafaa tukumbuke jinsi ndege hawa walivyofika matunduni. Kasuku wa kijivu si mwenyeji wa nyanda zetu. Kwao ni misitu mikubwa ya Kongo na ya magharibi ya Afrika, na katika Tanzania huonekana pembeni tu, upande wa Kagera. Livingstone aliwaona Manyema alipokuwa huko kuanzia mwaka 1869, nao ni wale wale wenye mikia myekundu. Manyema ndiko ilikotoka misafara ya pembe, ikipita Ujiji na Tabora hadi pwani. Na katika njia za biashara ndege naye hupata kuwa bidhaa.

Iringa inao wenyeji wake. Katika nchi kavu ya mibuyu, kuelekea Ruaha, huishi kasuku mdogo wa kijani, mwenye kichwa cheusi, ukosi wa manjano na mdomo mwekundu. Jamii yake huitwa kwaru. Mtaalamu wa ndege Anton Reichenow wa Berlin alimpa jina la kitaalamu mwaka 1887. Katika miaka ya 1920 kwaru hao walianza kupelekwa Ulaya na Marekani wakafugwe. Mwaka 1927, mwaka ule ule unaotajwa kuwa wa kuanzishwa kwa mji wa Mbeya, mmoja wa rangi ya buluu aliyekamatwa porini alifikishwa London. Ubuluu ule haukuletwa na chakula. Kasuku hujitengenezea mwenyewe rangi ya manjano ya manyoya yake, na yule alizaliwa bila uwezo huo. Penye kijani ukiondoa manjano, hubaki buluu.

Biashara hiyo ilipunguza ndege wa porini. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilisimamisha kusafirisha wanyama hai kwenda nje, na mwaka huo huo mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini. Basi mwalimu asimtume mtoto kukamata makinda mibuyuni, wala asimnunue ndege asiye na kibali. Lakini waliomo matunduni tayari wanahitaji kutunzwa, na hakuna wakati wanaohitaji matunzo zaidi kuliko wakati wa kunyonyoka.

Kunyonyoka kwa kweli huenda kwa utaratibu. Manyoya hutoka machache machache, bawa la kulia likilingana na la kushoto, ili ndege asipoteze uwezo wa kuruka. Hapaonekani upara. Unyoya mpya huchipua ndani ya ala, nao una damu hata ukomae. Ukivunjika hutoka damu, kwa hiyo ndege asishikweshikwe. Ala hizo huwasha. Porini kasuku huchambuliwa kichwa na mwenzake, na kwaru hufanya hivyo mchana kutwa. Aliye peke yake hana wa kumchambua. Kama amemzoea bwana wake na kuinamisha kichwa, ala zilizokauka zaweza kusagwa taratibu kwa ncha za vidole.

Unyoya karibu wote ni protini, kwa hiyo ndege anayeotesha manyoya huhitaji chakula chenye kujenga mwili. Apewe yai lililochemshwa likaiva, kidogo kidogo, na maharage au kunde zilizopikwa vema bila chumvi. Maharage mabichi yana sumu. Mchicha, majani ya maboga, karoti na kiazi kitamu kilichopikwa vyafaa kwa ngozi. Alizeti ya Iringa aipenda mno, lakini ina mafuta mengi. Iwe tunu, isiwe posho. Karanga na mahindi yenye ukungu yatupwe. Na parachichi, ambalo Rungwe na Njombe zasifika kwalo, asipewe hata kipande: tunda hilo lamuua kasuku.

Baridi ya Juni na Julai ni jaribu jingine. Ndege aliyepungukiwa manyoya hupoteza joto upesi. Tundu lifunikwe pande tatu usiku, liwe mbali na upepo wa dirishani, naye alale saa kumi hata kumi na mbili. Lakini lisiwekwe kando ya jiko la mkaa, maana mapafu ya ndege hudhurika na moshi na hewa yake kabla mtu hajahisi lolote. Maji ya vuguvugu anyunyiziwe asubuhi, apate kukauka kabla ya baridi ya jioni.

Ndege yule wa Mbeya alikuwa amekaa kando ya jiko, peke yake tangu asubuhi hata jioni, akilishwa alizeti tupu. Alihamishwa, akabadilishiwa chakula, akapewa vipande vya mti laini vya kutafuna, na watu wa nyumba wakaanza kukaa karibu naye. Daktari wa mifugo alimpima, kwa sababu vijidudu na magonjwa nayo huondoa manyoya. Manyoya ya mabawa yakarudi. Ya kifua hayakurudi yote, kwa kuwa mashina yake yalikuwa yameumizwa muda mrefu. Lau tungalitazama kichwa chake siku ile ya Julai, huenda yangalirudi.

Walimu hulalamika kwamba mtoto asomaye bila kuelewa asema kama kasuku. Siku ile sisi ndio tuliosema neno tulilolisikia kwa watu, pasipo kulipima. Mtu aliyemtenga ndege na kundi lake amejitwika kazi ya kundi: kumlisha, kumtia joto, kumchambua, na kutambua kama ananyonyoka au ajinyonyoa.