Iringa 1984: Kijiji Kinapopima Watoto Wake

Leo nawaomba akina mama, akina baba na wazee wa mtaa msogee karibu na redio. Nina habari ya zamani kidogo, iliyotokea kwa jirani zetu Tanzania, mkoani Iringa.

Iringa ni mkoa wa mahindi. Katika miaka ya 1980 ulikuwa miongoni mwa mikoa minne iliyotegemewa kulisha nchi. Hata hivyo, mwaka 1984 watoto wa chini ya miaka mitano walipopimwa, karibu 56 katika kila 100 walikuwa na uzito mdogo kuliko umri wao. Zaidi ya 6 katika 100 walikuwa na utapiamlo mkali. Ghala limejaa, mtoto amekonda. Utaelezaje jambo hilo?

Mradi ulianza katika vijiji 168, serikali ya Tanzania ikishirikiana na UNICEF na WHO, kwa fedha za Italia. Wangeweza kugawa maziwa ya unga wakaenda zao. Badala yake walitaka kwanza kujua kama kijiji chenyewe kinaona kina tatizo, maana asiyejiona mgonjwa hatafuti dawa. Watu waliitwa mkutanoni wakaonyeshwa filamu iitwayo Hadithi ya Nzota, kisha watoto wao wakapimwa pale pale kijijini.

Tangu hapo mizani ikawa inatundikwa kila baada ya miezi mitatu. Matokeo hayakukimbizwa mjini. Yalisomwa mbele ya serikali ya kijiji, na maswali yakawa matatu: hali ikoje, sababu ni nini, na kwa uwezo tulio nao tufanye nini? Majibu yakatekelezwa, na mizani iliyofuata ikaonyesha kama yamefaa.

Sababu walizozikuta hata wewe utazitambua. Mama yuko shambani tangu alfajiri, kwa hiyo mtoto anakula mara mbili tu kwa siku, na tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, haliwezi kubeba shibe ya kutwa nzima kwa mara moja. Uji nao ni mzito hameza, au umeongezwa maji mpaka hauna nguvu. Juu yake malaria, kuhara na surua. Basi vijiji vikafungua mahali pa kulea na kulisha watoto mchana. Akina mama wakafundishwa kutia kimea katika uji mzito, ulainike bila kuongezwa maji. Kufikia 1988 wenye uzito mdogo walishuka hadi kama 38 katika 100, na wale wa utapiamlo mkali wakawa chini ya 2.

Tusijidanganye kwamba ni mikutano peke yake iliyofanya kazi. Fedha zilikuwepo. Tena Tanzania ilikuwa na serikali za vijiji, mabalozi wa nyumba kumi, na watu wengi waliojifunza kusoma katika madarasa ya watu wazima ya miaka ya 1970. Sisi Kenya nyumba kumi tuliletewa mwaka 2013, tena kwa mambo ya usalama. Lakini mpango wetu wa afya ya jamii wa mwaka 2006 nao uliweka siku za mazungumzo, ambapo wanakijiji hukaa na takwimu zao wenyewe. Siku hizo zipo. Je, wewe umewahi kuhudhuria?

Mimi mwenyewe nilikosea. Nilipoanza kazi niliingia kijiji kimoja cha Pwani nikafundisha makundi ya vyakula saa nzima. Wote wakaitikia, "Ndiyo, sista." Mwezi uliofuata hakuna kilichobadilika. Bibi mmoja akaniambia, "Mwanangu, umetufundisha dawa ya ugonjwa ambao hatuna. Huyu mtoto ana chirwa." Kwa wasiojua, chirwa ni ile imani kwamba mtoto hukonda kwa sababu mzazi amevunja miiko ya ndoa. Sasa mama gani atamleta mtoto kliniki, majirani wote wamtazame na kunong'ona? Atamfunika kwa leso ndani ya nyumba mpaka achelewe.

Sikubishana na bibi. Niliomba tupime mikono ya watoto kwa utepe, yeye aweke punje ya mahindi kwa kila mtoto wa kijani, na haragwe kwa kila wa njano au nyekundu. Alipomaliza aliyatazama maharagwe kwenye mkeka kwa muda. Akauliza, "Hawa wote wana chirwa?"

Hapo ndipo mkutano wetu ulipoanza.

Juma lijalo tutapika uji wa mtoto wa miezi sita. Kabla ya hapo, muulize mhudumu wa afya wa kijiji chako ni watoto wangapi walipimwa mwezi uliopita, na wangapi walikuwa njano au nyekundu. Kama hana jibu, muulize chifu ni lini mtaitwa barazani mkapime. Kwaherini.