Safari ya Kuitafuta Merikani

Juma hili nakuomba tufuatane hadi mji mmoja wa Marekani ambao huenda hujapata kuusikia, ingawa kazi ya mikono ya jirani zake babu zetu waliivaa mwilini. Unaitwa Lowell, katika jimbo la Massachusetts, mwendo wa chini ya saa moja kwa treni kutoka Boston. Nilifika huko mwezi wa Oktoba, miaka michache iliyopita, nikiwa nimevaa koti la kuazima.

Majira hayo vitabu vyetu vya shule viliyaita vuli, na tafsiri ile haikunisaidia kitu. Vuli kwetu ni mvua, ni harufu ya udongo na watu kukimbilia mashamba. Kule ni wakati wa kila kitu kujiandaa kulala. Majani ya miti yanageuka manjano na mekundu kama embe bivu, kisha yanaanguka yenyewe, pasipo upepo, yakielea juu ya mifereji ya maji iliyokata mji huku na huku. Jua lipo, lakini halichomi.

Kilichonipeleka ni neno moja la bibi yangu. Bibi alizaliwa Bagamoyo, na kitambaa cheupe kizito cha kushonea foronya na mifuko ya magodoro hakukiita kaliko wala jina jingine lolote. Alikiita merikani. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni jina tu, kama vile kuku ni kuku. Nilikuwa mtu mzima nilipong'amua kwamba bibi alikuwa akitaja nchi.

Mwaka 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja. Mwaka 1837 akafika Unguja konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mfanyabiashara kutoka Salem, bandari iliyo katika jimbo hilo hilo la Massachusetts. Meli za Salem zilileta vitambaa vya pamba visivyopaushwa, vizito, vya kudumu, zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Pembe zikachongwa vitana na vibao vya piano. Sandarusi ikapikwa vanishi.

Watu wa pwani walikipenda kitambaa kile, na walikuwa wajuzi wa kuchagua. Walikipima kwa vidole, wakakataa vyembamba vya kuigiza. Kutoka pwani merikani ikaingia bara, ikawa fedha. Msafara wa kwenda Tabora na Ujiji ulihesabu mali yake kwa majora, mpagazi alilipwa kwa shuka na doti, na hongo ya kupita katika nchi ya mtemi ilitolewa kwa kitambaa. Ndipo vikaja vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1861 hadi 1865, pamba ikakatika, na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikalishika soko. Jina halikuondoka. Hata kilichofumwa Bombay watu waliendelea kukiita merikani, na ndivyo kilivyomfikia bibi.

Salem yenyewe ilipata kiwanda chake kikubwa cha mvuke mwaka 1847. Lakini mji ulioifanya Massachusetts kuwa nchi ya viwanda vya nguo ni huu wa Lowell, ndiyo maana nikauchagua.

Mji huu, tuseme kweli, ulianza kwa wizi. Bwana Francis Cabot Lowell alikwenda Uingereza mwaka 1810, akazunguka viwandani kama mgeni wa heshima, na kwa kuwa Waingereza walikataza michoro ya mitambo yao kutoka nje, aliiweka kichwani. Aliporudi, akisaidiwa na fundi Paul Moody, alijenga mtambo wa kufuma unaoendeshwa kwa nguvu za maji. Alifariki mwaka 1817. Wenzake wakatafuta mahali penye maji mengi zaidi, wakapata maporomoko ya Pawtucket katika mto Merrimack, ambapo maji hushuka kiasi cha mita 10. Kiwanda cha kwanza kilianza kazi mwaka 1823, na mji wakaupa jina la marehemu.

Mifereji ile ilichimbwa na vibarua wa Kiairishi kwa sururu na koleo. Ina urefu wa kilomita 9 hivi, na niliifuata kwa miguu asubuhi nzima. Penye mfereji mmoja nilioneshwa lango kubwa la mbao lililojengwa mwaka 1850 na mhandisi James Francis, likaning'inizwa juu kwa mnyororo kungojea mafuriko. Watu walimcheka, wakaliita upuuzi wa Francis. Mwaka 1852 mto ukafurika, mnyororo ukakatwa usiku, lango likashuka, mji ukasalimika. Mwaka 1936 likashuka tena na kuokoa wajukuu wa waliomcheka. Nilisimama pale nikikumbuka bonde letu la Msimbazi. Nisiseme zaidi.

Waliofanya kazi viwandani mwanzoni walikuwa wasichana wa wakulima wa majimbo ya jirani, wengine wana miaka 15 tu. Waliishi katika nyumba za kampuni, wakaamshwa kwa kengele ya kampuni, wakafanya kazi saa 12 hadi 13 kwa siku. Wageni walivutiwa nao. Charles Dickens alipita mwaka 1842 akawasifu, kwani walikuwa na jarida lao wenyewe, The Lowell Offering, na walisoma vitabu. Lakini wasichana hao hao walikuwa wamegoma mwaka 1834 mshahara ulipopunguzwa, na mwaka 1836 gharama za malazi zilipopandishwa. Mwaka 1845 Sarah Bagley na wenzake walipeleka maombi kwenye bunge la jimbo wakitaka siku ya kazi iwe ya saa 10. Sheria ya kuwapa wanawake na watoto hizo saa 10 ilipita mwaka 1874. Hesabu mwenyewe: ni miaka 29. Msichana aliyetia saini akiwa na miaka 18 alikuwa na 47.

Na pamba ilitoka wapi? Ilitoka kusini, kwa watumwa. Sehemu ya vitambaa vya Lowell, vile vikavu vya bei ya chini, ilirudi huko huko kusini kuwavika watumwa walioivuna. Nao wakakipa kitambaa hicho jina: wakakiita "lowell". Nilipolijua jambo hilo nilikaa kwenye benchi. Huku kwetu watu walikiita kitambaa kwa jina la nchi, kule watu weusi walikiita kwa jina la mji, na wengi wa waliokivaa hawakuwa na hiari ya mambo yao. Maana tusijidanganye: merikani ilinunua pembe na sandarusi, lakini ilinunua na watu pia, wakaingizwa pwani na wakauzwa katika soko la Unguja.

Viwanda vya Lowell viliuguaugua tangu miaka ya 1920, vilipokimbilia kusini penye wafanyakazi wa mshahara mdogo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 vile vikubwa vya mwanzo vilikuwa vimefungwa. Majengo ya matofali mekundu yakabaki magofu, mengine yakabomolewa. Mwalimu mmoja wa mji huo, Patrick Mogan, akashikilia kwamba aibu ile ndiyo mali. Kwamba historia ya kazi inaweza kuwa shule na kivutio. Alionekana mtu wa ndoto. Lakini mwaka 1978, akina Paul Tsongas wakiwa bungeni, serikali kuu iliutangaza mji huo kuwa hifadhi ya taifa ya historia, kama vile sisi tunavyohifadhi Serengeti. Wao walihifadhi matofali na mifereji.

Usidhani ufufuo ulikuja kwa mstari ulionyooka. Katika miaka ya 1980 mji uliweka tumaini lake kwa kampuni ya kompyuta ya Wang, iliyojenga maghorofa marefu pale. Mwaka 1992 kampuni hiyo ikafilisika, na mwaka 1994 maghorofa yaliyogharimu mamilioni mengi yakauzwa kwa mnada kwa bei isiyofika dola 600,000. Hapa nyumbani tumezoea kudhani mambo ya namna hiyo ni yetu peke yetu.

Walioujaza mji tena ni wageni. Katika miaka ya 1980 walifika wakimbizi wa Kambodia waliookoka utawala wa Pol Pot, na leo jumuiya yao Lowell ni miongoni mwa kubwa kuliko zote nchini Marekani. Nilikula chakula cha mchana kwao: mchuzi wa moto, wali, samaki na ndimu. Mama aliyenihudumia aliniongezea wali bila kuulizwa, akaangalia koti langu akacheka. Nilijihisi niko Kariakoo.

Mchana ndipo nikaingia katika kiwanda cha Boott, ambacho sasa ni makumbusho, chini ya mnara wake wa saa. Sehemu nyingine za viwanda vile ni nyumba za kupanga na ofisi. Ghorofa ya chini wameweka mitambo ya kufuma 88, na wanawasha michache ili mgeni asikie. Mlangoni wanakupa vizibo vya masikio. Mimi nilivitoa kwa dakika moja, kwa ukaidi tu. Sakafu ilitetemeka hadi kwenye meno.

Hapo nikamwelewa mjomba wangu.

Mjomba alifanya kazi ya kufuma kwa zaidi ya miaka 20 katika kiwanda kimoja cha nguo hapa nchini, nisichokitaja. Sisi watoto tulimwogopa kwa sababu alipaza sauti hata akiomba chumvi, na alikukodolea midomo unapoongea naye. Tulidhani ni ukali. Kumbe alikuwa kiziwi nusu, na midomo alikuwa akiisoma. Kiwanda kilipofungwa katika miaka ya 1990 aliambiwa asubiri kiinua mgongo. Aliiweka barua ile katika mfuko wa plastiki, akawa anakwenda kuulizia kila mwezi, baadaye kila mwaka. Mitambo iliuzwa chuma chakavu.

Katika duka la makumbusho nilinunua kitambaa cha jikoni kilichofumwa kwenye mitambo ile ile. Niliporudi nilimpelekea mjomba. Alikitandaza juu ya goti, akakivuta pembeni, akakipitisha baina ya kidole gumba na cha shahada, namna ile ile, nafikiri, wazee wa pwani walivyoikagua merikani.

"Mtande umelegea upande huu," akasema kwa sauti ya kiwandani. "Mtambo wao mzee. Lakini mfumaji anajua kazi."

Nikamweleza kwamba mji ule haufumi tena kwa biashara. Mitambo inawashwa ili watu waisikie. Nikalazimika kurudia mara mbili, nikiwa nimemwelekea uso kwa uso. Alifikiri kidogo.

"Na huyo anayeiwasha," akauliza, "analipwa?"

Nikamwambia ndiyo, analipwa, ni mfanyakazi wa serikali. Mjomba akakunja kitambaa mara nne, akainuka, akaenda kukiweka pamoja na ile barua.