Jezi ya kijivu

Wadau, juzi kwenye daladala nimemwona kijana kavaa jezi ya kijivu ya Manchester United, ile ya msimu wa 1995/96. Nikacheka peke yangu. Sijui kama anajua kavaa nini!

Zamani jezi ya ugenini ilikuwa na kazi moja tu, kuzuia rangi zisigongane. Mei 29, 1968 United walitwaa Kombe la Ulaya pale Wembley wakiwa na bluu, kwa sababu Benfica nao ni wekundu. Basi.

Miaka ya 1990 ikawa biashara. 1992 ikaja jezi ya tatu, nusu kijani nusu dhahabu, kuikumbuka Newton Heath, timu ya wafanyakazi wa reli iliyoanzishwa 1878 na kubadili jina 1902. Mwaka uliofuata ikaja nyeusi. Halafu hiyo ya kijivu.

Aprili 13, 1996, ugenini kwa Southampton, hadi mapumziko United wako nyuma 3-0. Wakabadilisha jezi, wakarudi na bluu na nyeupe, mpira ukaisha 3-1. Ferguson alidai wachezaji hawaonani, kijivu inapotelea kwenye watazamaji. Mechi tano, ushindi sifuri, ikatupwa. Jamani, na mzazi aliyekwisha kumnunulia mwanawe?

Ila mashabiki nao wajanja. 2010, wakiipinga familia ya Glazer, waliijaza Old Trafford skafu za kijani na dhahabu, rangi zilezile walizouziwa 1992. Machi 10 Milan walipochapwa 4-0, David Beckham, aliyekuja na Milan, akaiokota moja akaivaa shingoni.